Kupima mvutano wa dunia kwa uzi na timazi

Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa kidato cha pili alinikalisha barazani hapa Uyole tangu asubuhi. Kitabu chake kinasema dunia huvuta kwa 9.8 (yaani kitu kikianguka, kila sekunde kasi yake huongezeka mita 9.8 kwa sekunde), yeye kila akirudia anapata 10.8. "Mjomba, labda Mbeya inavuta zaidi." Haivuti zaidi.

1. Azima timazi kwa fundi mwashi. Jiwe silipendi, kulifunga ni kazi. Tumia uzi wa fundi viatu. Kamba ya katani inajisokota.

2. Ning'iniza kwenye msumari wa boriti, ndani, mlango ukiwa umefungwa, maana upepo wetu mnaujua. Kutoka msumari hadi kitovu cha uzito wa timazi (si hadi fundo!) iwe mita 1. Kitovu ni pale timazi inapotulia ukiilaza juu ya kidole.

3. Ivute pembeni kidogo, isizidi digrii 10, uiachie bila kuisukuma.

4. Hesabu mizunguko 20. Hapa ndipo asubuhi yetu ilipoteketea. Kwenda na kurudi ndiyo moja; kwenda tu ni nusu. Hilo kijana alilijua. Kosa lake ni kwamba alipobonyeza saa ya simu alitamka "moja" papo hapo, wakati timazi haijamaliza hata mzunguko mmoja. Alipofika "ishirini" ilikuwa imezunguka mara 19, saa inasoma sekunde 38.2. Tulibadilisha uzi, tukapima urefu upya, tukamlaumu fundi bure. Anza na "sifuri". Tena usianze saa pale unapoachia: iache izunguke mara mbili tatu, kisha bonyeza inapopita katikati, sehemu yenye kasi kubwa, ambapo jicho halibabaiki. Rudia mara tatu. Ukipata sekunde 40 na kidogo, uko sawa.

5. Gawanya sekunde ulizopata kwa 20, zidisha jibu kwa lenyewe. Chukua 39.48 (ni 4 mara pai mara pai), zidisha kwa urefu kwa mita, gawanya kwa hilo jibu. Sisi mwishowe tulipata 9.8.

Ongeza nati nzito kwenye timazi ukitaka, ila kitovu kibaki palepale: muda haubadiliki.

Sasa uzito. Viazi kilo 50 huvutwa chini hapa kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 489 hivi. Vipeleke Dar, chini karibu na bahari, mizani ya springi nyeti itaongeza gramu chache, kwa kuwa huku tuko juu, mbali zaidi na kitovu cha dunia. Mizani ya mawe haitaona tofauti: mawe nayo yameongezeka uzito.