Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mbwa Kuungwa Mguu Uliovunjika

Mbwa akigongwa na bodaboda, macho yetu huenda kwenye mguu unaoning'inia, ilhali kinachoweza kumuua kabla ya jioni kimo kifuani au tumboni. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia upasuaji, mwombe daktari wa mifugo akague upumuaji, rangi ya ufizi na mkojo. Mfupa unaweza kusubiri siku moja au mbili, mapafu hayasubiri. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki ya binadamu, kwani humtia vidonda vya tumbo na kumharibia figo.

Mbinu haichaguliwi kwa kupapasa. Dai picha za eksirei za pande mbili, zinazoonyesha kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko.

Plasta ndiyo nafuu kwa bei, lakini hufaa pale tu inapoweza kutuliza viungo vyote viwili. Mfupa wa paja hauungwi kwa plasta, kwa sababu nyonga haifungiki. Nayo inataka ulinzi wa kila siku. Mbwa wangu alifungwa plasta ya muundi, ikalowa mvua usiku mmoja hapa Kampala, nami nikangoja siku tatu kwa kuwa kwa nje ilionekana imekauka. Ilipokatwa, ngozi ya kisigino ilikuwa imeoza, na harufu yake sijaisahau.

Pini inayopitishwa ndani ya mfupa huzuia kupinda, ila peke yake haizuii mfupa kujizungusha wala kudidimia, hivyo mvunjiko wa mshazari au wa vipande vingi huhitaji nyongeza ya waya au fremu ya nje, yaani vyuma vinavyokaa nje ya mguu na kushikilia pini zilizopenya mfupa. Bamba la chuma na skrubu huzuia yote hayo, na kwa mbwa wadogo waliovunjika mguu wa mbele karibu na kifundo mimi nisingekubali plasta, kwani damu hufika hapo kwa uchache na mfupa mara nyingi hukataa kuunga. Fremu ya nje hufaa kidonda kilicho wazi, mradi uwe tayari kuisafisha mara kwa mara.

Walio mbali, tuseme Arua au Kabale, wapige simu kwanza, iwe ni kwa kliniki ya Chuo Kikuu cha Makerere au nyingine, waulize kama mabamba ya kimo cha mbwa wao yapo, na kama daktari amekwisha kuyafunga mara kadhaa. Katika bajeti weka na eksirei za marudio.

Mtoto wa mbwa huweza kuunga kwa mwezi mmoja hivi. Mkubwa huhitaji wiki 8 hadi 12, pengine zaidi, na muda wote huo hatalinda geti. Atafutiwe chumba kidogo, na sakafu ya vigae itandikwe mkeka au magunia kabla hajarudi, maana kuteleza mara moja tu kunaweza kupinda pini iliyowekwa asubuhi ile ile.