Kubadilisha mashine za kukazia nyuzi kwenye gitaa la umeme

Kabla hujatuma hela Kariakoo, hakikisha kosa ni la mashine kweli. Magitaa mengi ya kwaya na bendi yanayoletwa kwangu hapa Dodoma yakisemekana hayashiki tyuni, tatizo lake ni kizingiti, yaani kile kipande chenye mifereji sita mahali kichwa kinapokutana na shingo. Kaza uzi wa G polepole. Ukisikia "tik" na sauti ikaruka ghafla, uzi umekwama mferejini. Sugulia ncha ya penseli humo, hela yako ibaki mfukoni. Lakini ukizungusha kishikio cha mashine sauti isibadilike upesi, au mhimili, yaani kile kinguzo kinachozungushiwa uzi, ukacheza ukiusukuma kwa kidole, gia zimelika. Hapo badilisha.

Hatua ya 1: Pima. Hapa usiwe na haraka, maana wengi hununua kwa kuangalia picha. Toa mashine moja, upime tundu upande wa mbele wa kichwa. Magitaa ya mtindo wa zamani, yenye bushi (kile kibomba cha chuma tunduni kinachopitisha mhimili) iliyogongwa tu bila nati, huwa na tundu la karibu milimita 8.5. Ya kisasa, yenye bushi ya kufungwa kwa nati, huwa na milimita 10. Huna venia, kile kifaa cha kupimia milimita? Chukua biti ya drili ya milimita 10 na ujaribu kuipitisha kwa mkono. Kisha geuza kichwa uangalie nyuma: skrubu ni moja au mbili, zimekaa wapi, au kuna pini mbili ndogo badala ya skrubu? Angalia pia kama mashine zote sita ziko upande mmoja au tatu kwa tatu, kwa sababu za kushoto na za kulia si sawa. Piga picha yenye rula kando, umtumie muuzaji.

Tundu likiwa dogo, usilipanue kwa drili. Inararua rangi na inaweza kupasua mbao. Tafuta mashine zinazolingana na tundu ulilonalo. Tundu likiwa kubwa, zipo bushi za kulipunguza.

Hatua ya 2: Chagua. Uwiano wa gia wa 18:1 maana yake unazungusha kishikio mara 18 ndipo mhimili uzunguke mara moja, kwa hiyo unatyuni kwa utulivu kuliko 14:1. Kwa vumbi letu, mimi nashauri mashine zilizofunikwa. Zile za gia wazi hunasa mchanga kwenye grisi. Zenye kufuli la uzi ni nzuri, ila ni nzito zaidi, na gitaa lenye kiwiliwili chepesi litainamia upande wa shingo ukilivaa.

Hatua ya 3: Toa za zamani. Legeza nyuzi zote na uzitoe. Nati za mbele kwa kawaida hufunguka kwa spana namba 10. Bushi ya kugongwa isukume kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao, taratibu.

Hatua ya 4: Matundu ya skrubu. Yakihitilafiana na ya mashine mpya, jaza ya zamani kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, ukate vilivyobaki, uache mpaka kesho. Toboa mapya kwa biti nyembamba kuliko skrubu, na uzungushie biti selotepu kuonyesha kina, la sivyo utatokea upande wa pili. Kiangazi mbao huku hukauka sana na hupasuka kirahisi, basi pitisha skrubu kwenye mshumaa kwanza. Skrubu hizi ni laini. Ukilazimisha, kichwa kinakatika na kiwiliwili kinabaki ndani.

Hatua ya 5: Funga. Ingiza zote sita, nati uzikaze kwa vidole tu. Panga vishikio kwa rula, funga skrubu, ndipo urudi kwenye nati na spana. Zikishikika, acha. Ukizidisha, rangi itapasuka kuzunguka washa, ile pete iliyo chini ya nati.

Hatua ya 6: Nyuzi. Kwenye mashine ya kawaida, acha ziada ya sentimita 5 hivi kupita mhimili, mizunguko ishuke kwenda chini bila kupandana. Yenye kufuli haihitaji hata mzunguko mzima: vuta uzi ukazike, funga, kata. Kisha vuta kila uzi kwa vidole, utyuni tena, urudie mpaka usishuke. Sauti ikipita, shusha chini ya noti halafu upande nayo, ili gia zibaki zimeshikana.