Kuonja bia za Kimarekani
Jamani ukitaka kulinganisha Budweiser, Miller Lite na Coors Light usizinywe zikiwa za baridi kali, ulimi unakufa ganzi na zote utaziona sawa tu. Zitoe kwenye friji ziache kama dakika 15, mimina kwenye glasi isiyo na mabaki ya sabuni maana sabuni inaua povu, halafu mwambie mtu akupangie usijue ipi ni ipi. Budweiser wanaweka mchele, ndo maana ni kavu, yaani haina utamu mdomoni, na ukinusa vizuri unapata kaharufu ka tufaha la kijani. Hizo mbili zingine wanatumia sirapu ya mahindi, hamira inaila karibu yote, usitegemee utamu. Na usizikate maksi eti sio chungu, zimetengenezwa ziwe nyepesi.