Papa wa maji mafupi: ongeza kilo moja ya risasi

Ukizamia mwamba wa mita 5 hadi 8 kutazama papa, beba kilo 1 ya risasi (vipande vya madini mazito vya kumsaidia mzamiaji kuzama) zaidi ya ile unayobeba kwenye mbizi za kina. Nimejifunza hili juzi, baada ya kuelea kama kifuu kila mtungi wa hewa ulipokaribia kuisha. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijaa huwa na hewa ya zaidi ya kilo 2. Hewa hiyo ikitumika, mtungi wenyewe unaanza kukuvuta juu. Suti ya kuzamia nayo haijabanwa sana na maji kwenye kina hicho, kwa hiyo bado inaelea. Ukianza kupigapiga mapezi na mikono ili ubaki chini, papa wa miambani keshakwenda zake. Ni waoga kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa mzito kidogo unatulia juu ya mchanga (mchanga, si matumbawe!), unatoa pumzi polepole, na papa mwenyewe anapunguza duara lake. Pumzi usiibane hata kidogo, maana hewa ya mapafuni hutanuka haraka zaidi karibu na uso wa maji.

Kilo hiyo ya ziada haifai kwa mtungi wa chuma wala kama huvai suti: utazama tu. Mkondo ukiwa mkali, mchanga haukushikilii. Na kukiwa na chambo au samaki aliyechomwa mshale, achana na kutulia, ondoka.