Mwizi akijificha katikati ya pambano
Kwa wanaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) hapa Dar kwa kanuni za 2014: kabla mwizi, mmoja wa aina za wahusika, hajarusha dadu ya kujificha, hakikisha adui hamwoni kabisa. Pambano likiwa vichochoro vya Kariakoo, meza ya machungwa haimfichi mtu aliyesimama. Atafute ukuta au giza totoro. Kisha arushe dadu ya nyuso 20, ajumlishe bonasi yake ya kunyata. Jumla hiyo ishindanishwe na umakini wa adui asiyetafuta: 10 jumlisha bonasi yake, yaani mwenye +3 ana 13. Kuanzia daraja la 2 mwizi hujificha kwa tendo la ziada la zamu yake, hivyo bado anaweza kushambulia. Akipiga kutoka mafichoni anarusha dadu mbili za nyuso 20, anachukua namba kubwa. Mshale ukishatoka, upate ukose, ameonekana. Hapo ndipo ugomvi wa mezani huanza.