Somo: Kompyuta inayosahau saa na "kupoteza mtandao" kila ikizimwa

Wakuu, habari za leo.

Unawasha kompyuta asubuhi, inakwambia tuko Januari 2009. Kivinjari kinakataa kufungua kurasa, kisha mtu anapiga simu: "Fundi, mtandao umekata." Niliwahi kuitwa kwa kesi kama hiyo nikabadilisha waya, nikabadilisha kadi ya mtandao, nikala nusu siku ya watu bure. Mtandao ulikuwa mzima. Kilichokufa ni kibetri cha kwenye madabodi, lile bamba kuu la ndani ya kompyuta.

Tovuti karibu zote siku hizi zinajitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani ni 2009 ikisoma cheti cha mwaka huu inaona hakijaanza kutumika, inakikataa. Ping (amri ya kupima kama mtandao unafika) inajibu, ruta inawaka taa zote, lakini kurasa hazifunguki.

Jambo la kushika kabla ya yote: kibetri kinalinda saa na setingi za BIOS tu, yaani ile programu ndogo ya madabodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao), DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) na nywila ya Wi-Fi zinakaa kwenye diski, ndani ya Windows, na betri ikifa haziguswi. Ukikuta nazo zimefutika kweli, una magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika bisibisi. Ingia BIOS, weka saa na tarehe sahihi. Washa upya bila kukata umeme. Kisha zima, chomoa waya ukutani, acha hadi kesho. Saa ikipotea tu umeme unapokatwa, ni betri. Ikivurugika hata kwa kuwasha upya umeme ukiwepo, usiende dukani bado, tatizo huenda liko kwenye programu.

Hapa ofisi zetu zinajimaliza zenyewe. Waya ukiwa umechomekwa, madabodi inapata umeme mdogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kibetri kinapumzika. Sisi kila jioni tunazima swichi ya ukutani, kwa hiyo usiku kucha kibetri ndicho kinaendesha saa. Ongeza kwamba mashine nyingi ni za mtumba, zimekuja na betri ileile ya kiwandani.

Hatua ya 2: Piga picha setingi za BIOS kwa simu. Hasa namna madabodi inavyosoma diski (AHCI, RAID au IDE), mfumo wa kuwaka (UEFI au Legacy) na kama kadi ya mtandao ya ndani imewashwa. BIOS ikirudi kwenye setingi za kiwandani, namna hiyo ya kusoma diski inaweza kubadilika na Windows ikagoma kuwaka. Watu wamefuta Windows nzima kwa kosa hili. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), hakikisha ufunguo wa kurejesha unao mkononi.

Hatua ya 3: Badilisha betri. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Fundi saa yeyote anayo. Usikubali CR2025, volti ni zilezile lakini ina unene wa milimita 2.5, inaweza kucheza ndani ya kishikio. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, bana kile kilimi cha pembeni betri iruke. Upande wa kujumlisha unaangalia juu. Kwa mita ya umeme, mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Iliyoshuka chini ya 2.8 mimi siirudishi.

Hatua ya 4: Rudisha saa kwa mkono kwanza. Wengi wanakwama hapa. Wanaiachia Windows ijirekebishe kwa intaneti, nayo hairekebishi. Kwa kompyuta isiyo kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva moja kuu), huduma ya saa ya Windows kwa kawaida haikubali marekebisho yanayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Ukiwa nyuma miaka, inakaa kimya. Weka mwaka, siku na saa mwenyewe, chagua kanda ya saa ya Nairobi (UTC+03:00, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa), ndipo uandike `w32tm /resync` kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi.

Hatua ya 5: Sasa mtandao. Andika `ipconfig /all`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani kwa ruta ikakosa, au ile uliyoipanga kwa mkono imegongana na ya mashine nyingine. Kadi isipoonekana kabisa, rudi BIOS uone kama haijazimwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, betri nimeweka mpya, saa inashika, ila IP niliyopanga inafutika kila nikiwasha upya. Ni mashine za kafe.
Angalia kama kuna Deep Freeze au programu ya aina hiyo. Kazi yake ni kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ifungue, panga IP, ifunge tena. Ila mimi ningeacha kabisa kupanga kwenye mashine. Ningezitengea anwani ndani ya ruta kwa kutumia MAC, ile namba ya kipekee ya kila kadi ya mtandao.

Kaka, yangu inarudi nyuma saa 3 kamili, haikosei hata dakika. Nina Windows na Ubuntu pamoja.
Betri yako nzima, usiiguse. Ubuntu inaandika kwenye madabodi saa ya UTC, Windows inasoma ileile ikidhani ni saa ya hapa. Sisi tuko UTC+3, ndiyo hizo tatu zako. Ukiwa Ubuntu andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

Na laptopu je?
Nyingi zina kibetri kilichofungwa kwenye plastiki chenye nyaya mbili na plagi ndogo. Nunua kinacholingana na plagi yako. Baadhi ya mpya hazina kabisa, zinategemea betri kubwa, kwa hiyo hiyo ikichoka na saa inapotea.

Shikamoo fundi. Ya dukani kwangu kila asubuhi naiwekea saa 2, nikirudi baadaye nakuta imejiweka 8. Nimeshabadilisha betri mara mbili.
Marahaba mama. Betri zote mbili zilikuwa nzima. Saa 2 yetu ya asubuhi kwa kompyuta ni 8, nayo inakurekebisha kwa intaneti. Iache hivyohivyo, na ile betri ya kwanza kama hujaitupa, itumie kwenye mizani.