Balimu, kisha somo ya telefone mujiulize: nani alishika telefone?

Balimu wenzangu wa Bukavu, siku hizi tunatumia telefone sana mu klasi, batoto banafurahi, na sisi tunarudi nyumbani tunasema somo imeenda muzuri, kumbe hatukuangalia nani amejifunza.

Mufanye hivi. Kila wiki muchague somo moja. Mumoja anafundisha, mwenzake anakaa pembeni ya kikundi kimoja na kaye na biki, hasaidie, hasahihishe, anaandika paka kile macho inaona: nani ameshika telefone, nani amesema, dakika ya ngapi. Asiandike "bamechangamuka", hiyo ni mawazo yake. Aandike "wa ku dirisha hajasema kitu toka mwanzo mpaka dakika ya 12".

Mimi nilifanyiwa hivyo mu somo ya Ziwa Kivu na gesi ya methane. Vikundi vya batu sita, telefone moja moja, video nilishaka kuiweka ndani toka nyumbani na kuituma kwa Bluetooth juu mega ni bei. Mwenzangu akafungua kaye: mutoto mumoja alishika telefone dakika 17, babili bakachungulia ku mabega yake, na binti mumoja alikuwa anachora maua. Iliniuma sana, lakini njo ilikuwa kweli.

Muzungumuze siku ileile, robo saa inatosha. Mwenye kufundisha anaanza kusema, kisha mwenye kaye anasoma, kisha munachagua kitu KIMOJA cha kubadilisha. Direkta akija, akuje kama mwalimu, juu akianza kutoa pointi batu batafundisha somo ya kuonyesha tu.

Mimi nilibadilisha na njia yenye mwanasaikolojia wa Amerika, Elliot Aronson, alianzisha Austin, Texas, mu 1971: kila mutoto anapewa kipande cha somo chenye wenzake hawana. Telefone inazunguka dakika tatu kwa kila mutu, kisha inafunikwa ku meza na kila mumoja anaeleza bila kuangalia. Binti wa maua nilimupa Ziwa Nyos ya Kameruni, kule gesi ya kaboni (CO2) ilitoka mu maji mu 1986 ikaua batu karibu 1,700. Wenzake bakamuuliza kama Kivu nayo iko na ile gesi, akajibu ndiyo, iko. Dakika ya 21, kaye inasema.

Kaye yenyewe ibakie mu chumba cha balimu: tarehe, klasi, kile kitu kimoja mulibadilisha. Wiki yenye kufuata muanzie ku ule mustari, na mwenye kuangalia akae ku kikundi kilekile.